Losambo Iko Wapi

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu mkubwa, vilivyonizidi kidogo, nikatembea kutoka Mangobo hadi bandari ya mto kule Makiso, mitaa yote miwili ya Kisangani. Nilifika kabla ya mlinzi kufungua lango. Nilikuwa nimemaliza shule mwaka uleule, na kampuni moja ya usafirishaji mtoni ilikuwa inatafuta msichana anayejua Kiswahili, Lingala na Kifaransa na mwenye mwandiko unaosomeka. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Yanonge, na majina ya vijiji vya mtoni niliyajua tangu utotoni. Nadhani hilo ndilo lililonipatia kazi, ingawa hakuna aliyeniambia.

Niliajiriwa kuwa opereta wa phonie. Ninyi wa leo, mnaotembea na simu mfukoni, labda hamjaiona. Phonie ni redio ya kupokea na kutuma sauti. Yetu ilikuwa sanduku la chuma lililotumia betri ya gari, na waya wake mrefu ulifungwa kati ya milingoti miwili juu ya paa. Kila sitima ya kampuni ilikuwa na phonie yake. Saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kila kapiteni alitakiwa kusema yuko wapi, maji yana kina gani, amebeba nini, na kama watu wake wote ni wazima. Mimi nilitakiwa kusikiliza na kuandika kwenye kaye, yaani daftari. Kazi yote ilikuwa hiyo.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Chef wa Mouvement, mtu aliyepanga sitima ipi iende wapi na lini. Alikuwa mfupi, mwenye shati jeupe la mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni, na hakupenda maneno mengi. Alinivalisha vifaa vya masikioni, akafungua redio, akasimama nyuma yangu. Nilisikia mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, halafu sauti ya mwanamume iliyokuwa inazama na kuibuka, halafu mlio tena.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

Niliona aibu kusema sikusikia kitu. Nikajibu, "Amesema iko Bumba, Chef."

"Alisema Bumba?"

"Nazani alisema Bumba."

Alivua miwani akaifuta taratibu. "Mwana yangu, kuzani ni kazi yangu mimi. Kazi yako ni kusikia. Kama husikie, unasema husikie. Uandike kile unasikia, hapana kile unawaza. Baji ya chumvi inaweza kupotea ju ya neno moja."

Nililia chooni siku ile, kisha nikarudi kukaa. Baada ya miezi mitatu masikio yangu yalikuwa yamezoea. Nilijifunza kwamba sitima zetu hazikuwa na mizigo ndani yake. Kulikuwa na pousseur, chombo chenye mashine na watu, na mbele yake kulikuwa na baji, yaani mabehewa makubwa ya chuma yanayoelea, ambayo pousseur iliyasukuma mtoni. Nilijifunza pia kwamba mto wetu, ingawa ni mpana hivyo, una njia moja tu ya kupita mzigo mzito, na njia hiyo huhama, kwa sababu mchanga wa chini hautulii. Ndiyo maana kila pousseur ilikuwa na sondeur wawili. Sondeur alisimama mbele kabisa ya baji akiwa na mti mrefu uliopakwa rangi kwa vipimo. Alikuwa anauchoma majini, anauinua, na kumpigia kapiteni kelele za kina, tangu asubuhi mpaka jua linapozama.

Mmoja wa sondeur hao aliitwa Papa Anselme. Wakati ule hakuwa papa, yaani baba, wa mtu, alikuwa kijana, lakini mimi sikujua, kwa sababu kwa miaka mingi nilijua sauti yake tu. Kapiteni wake alipokuwa anaongea nami kwenye phonie, nyuma yake nilimsikia Anselme, "Mita mbili. Mita mbili. Mbili na nusu." Alikuwa na sauti nene isiyo na haraka. Akisema mbili, nilijua ni mbili.

Baadaye nilihamishiwa Isangi, pale mto Lomami unapoingia katika mto wetu mkubwa. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja na mlingoti, na mkubwa wangu alikuwa Chef wa Kituo, mzee wa dini aliyesali kabla ya kila zamu ya phonie. Huko ndiko siku moja mwanamume mrefu alipopanda kutoka kwenye gati akamwomba mwanamke wa mikate mkate mmoja. Sauti ile niliijua, nikageuka kabla sijafikiri.

"Wewe ndiye Anselme," nikamwambia.

"Na wewe ndiye Kisangani," akajibu. Hilo ndilo jina waliloniita mtoni.

Hatukuoana, kama mnavyoweza kudhani. Yeye alikuwa na mke nyumbani kwake Lubunga, ng'ambo ya mto, na mimi nilikuwa nimechumbiwa. Lakini tulikuwa marafiki tangu siku ile.

Niliporudi Kisangani nilimkuta Directeur wa Tawi, mkubwa wangu wa tatu. Ilikuja miaka ya vita, mto ukafungwa, na kwa muda mrefu nilikuwa nafungua phonie saa moja asubuhi na kusikia ule mlio tu. Nilikuwa naandika kwenye kaye: hakuna. Mto ulipofunguka tena, pousseur zetu zilikuwa zimepungua sana, na nyingine zilikuwa zinaoza kando. Badala yake zilikuja baleinière, mashua ndefu za mbao zenye mashine ndogo, ambazo kila mwenye mbao na ujasiri aliweza kujenga. Halafu zikaja simu. Directeur aliingia chumbani kwangu akiwa na simu mpya mkononi.

"Bon, Mama Régine," alisema, "sasa kila mutu iko na phonie yake mu poche ya suruali. Donc, hii yetu tutaifunga."

Nilimwuliza, "Na pahali kwenye simu haifike, Directeur?"

"Itafika. Kidogo kidogo itafika."

Nilimwamini. Nilifunika redio kwa kitambaa, nikafanya kazi ya makaratasi miaka kadhaa, kisha nikastaafu. Walinipa kitambaa cha kitenge na picha ya pamoja, na nikarudi nyumbani Mangobo.

Sasa nataka kuwaeleza yaliyotokea juzi juzi, maana wengi wamenisikia nikitajwa katika habari hiyo na kila mmoja anaisimulia kwa namna yake. Mimi mwenyewe siielewi yote. Nitasema ninayoyajua.

Tangu nilipostaafu, vitu vya sokoni vilikuwa vimeanza kunichanganya. Zamani nilijua kila kitu kinatoka wapi. Chumvi ilipanda na mto kutoka Kinshasa, mchele ulishuka nao, mafuta ya mawese yalitoka kwetu. Siku hizi nakuta Mangobo, mtaa wa wavuvi, tunakula mpiodi, samaki wa baridi waliokuja kwa ndege kutoka bahari ambayo hakuna anayejua jina lake. Sabuni wiki hii inatoka mashariki kwa malori yanayopita Bafwasende. Wiki ijayo barabara imekatika, sabuni hakuna, halafu inatokea nyingine ya rangi tofauti na muuzaji anasema imetoka mtoni. Ukimwuliza itakuja tena lini, anakutazama kana kwamba umeuliza habari za mwezini.

Na watu wa kufanya kazi hawaonekani. Mpwa wangu alikuwa fundi mzuri wa mashine za sitima. Sasa yuko msituni huko Bafwasende, anatengeneza pampu za maji za wachimba dhahabu. Vijana waliokuwa wanabeba magunia bandarini wameenda kuchimba, au wamechukua pikipiki za kubeba abiria. Sikuwalaumu. Lakini nilikuwa najiuliza, kama wote wanabeba watu, nani anabeba magunia?

Asubuhi moja ya kiangazi, maji yakiwa chini kabisa, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba yangu. Akashuka kijana mwenye simu tatu, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Gérant, yaani msimamizi, wa ofisi yetu ya zamani. Ofisi sasa ilikuwa na pousseur moja tu inayotembea, iliyoitwa Mapendo.

"Mama, samahani," alisema. "Tuko na shida. Mapendo imepotea."

"Pousseur haipotee," nikamjibu. "Ni kubwa."

Aliketi. Alinieleza kwamba Mapendo ilitoka Kinshasa na baji mbili, chumvi, unga, na maboksi ya hospitali. Simu ya mwisho ya kapiteni ilitoka Bumba. Tangu hapo, mfanyabiashara mmoja anasema imeonekana Basoko. Mwingine anasema haikutoka Bumba. Wa tatu anaapa kwamba mkewe ameiona kwa macho yake karibu na Isangi. Simu zote tatu za Gérant zilikuwa zinalia wakati anaongea, na hakupokea hata moja.

"Kapiteni iko na phonie ya zamani kwenye chombo," alisema. "Yetu bado iko, chini ya kitambaa. Lakini mi sijue kuitumia. Hakuna mutu pale ofisi anajua."

Nilivaa kitambaa changu cha kichwa nikapanda pikipiki yake.

Njiani nilimwomba apite kwa Papa Anselme, ambaye naye alikuwa amestaafu na amehamia Mangobo baada ya mkewe kufariki. Nilitaka mtu anayejua mto. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, mkono wake umekandamiza tumbo chini. Alikuwa na ngiri, uvimbe wa kinena unaowapata wanaume waliosukuma na kuinua maisha yao yote. Ulikuwa unatoka na kurudi. Hospitali ilikuwa imempangia upasuaji mara mbili, na mara zote mbili wakaahirisha.

"Hawana dawa ya kulalisha mutu," aliniambia. "Iliyobaki bameiweka ya bamama benye kuzaa kwa kupasuliwa. Nyingine iko njiani, bananiambia. Njia gani, hawajue."

Mimi na Gérant tulitazamana. Yeye ndiye aliyesema, "Papa, nazani iko mu Mapendo."

Anselme alijiinua kwa kiwiko akaketi. Kisha akaomba viatu vyake.

Phonie iliwaka baada ya kubadilishiwa betri. Ule mlio wa mafuta kwenye kikaango ulinijaa masikioni na nilishangaa kuona mikono yangu inajua la kufanya. Niliita saa sita, hakuna. Niliita saa kumi na moja, na sauti ikatoka, mbali sana.

"Minakupata mubaya, Mama. Minakupata mubaya."

"Mapendo, uko wapi? Batu bote ni bazima?"

"Bazima. Tumekwama ku muchanga. Basondeur yangu bawili balishuka Bumba, hawakurudia tena. Balisema banaenda kutafuta zahabu. Tuko Losambo."

Losambo tulilijua sote wawili, mimi na Anselme. Ni kambi ya wavuvi kisiwani, kati ya Isangi na Basoko. Anselme alikuwa amepita pale mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Aliomba kuongea, nikampa kipaza sauti.

"Kapiteni, hapa ni sondeur wa zamani. Mayi mbele yako iko na rangi gani? Kwenye iko nyeusi, ndiyo njia. Kwenye inacheka kidogo juu, kuna muchanga."

"Iko rangi moja tu, Papa. Kila pahali iko rangi moja."

"Angalia kwa upande wa miti mirefu."

"Hakuna miti mirefu hapa."

Anselme alinigeukia. "Pale Losambo kuna miti mirefu," alinong'ona. Tulifikiri wameikata. Siku hizi miti yote inakatwa. Alimwelekeza kapiteni kwa saa nzima, afungue baji ya kushoto, arudi nyuma kwanza, asisukume mbele. Kesho yake asubuhi kapiteni alisema amefanya yote hayo, na sasa baji ya pili nayo imekalia mchanga. Anselme alikaa na mikono magotini. Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyumba vimebadilishwa.

Asubuhi hiyohiyo alikuja ofisini Mama Solange, muuguzi anayelaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa. Hakuketi. Alisema amebakiwa na chupa ndogo tatu za dawa, na kwamba kila anapotumia moja, yeye mwenyewe hapati usingizi usiku. Gérant aliamua palepale kutuma baleinière iende kuchukua maboksi ya hospitali tu na kuyarudisha. Kilichobaki kilikuwa kumwambia mwendesha baleinière mahali pa kwenda.

Niliita Mapendo tena ili nipate mahali sawasawa. Sauti ilikuwa imevunjika vipandevipande. Nilisikia Losambo. Nilisikia Basoko. Nilisikia neno juu au chini, na kwetu mtoni maneno hayo ni kila kitu, maana juu ni kule maji yanakotoka na chini ni kule yanakokwenda. Niliandika kwenye kaye, nikamwambia Gérant, "Losambo, juu ya Basoko." Baleinière iliondoka kabla ya saa nne.

Siku tano hatukuwa na habari. Mapendo nayo ilinyamaza, betri yao ilikuwa imekufa. Siku ya sita asubuhi simu moja ya Gérant ililia. Alikuwa mwendesha baleinière, akipiga kutoka Basoko.

"Patron, pale Losambo hakuna kitu," alisema, na Gérant aliweka sauti kubwa ili nami nisikie. "Hata kambi hakuna. Ni muchanga na ndege. Tulingojea siku tatu, tukasema labda itatokea. Sasa batu ba Basoko banatuambia Losambo ilihama. Mayi ilikula kile kisiwa, bavuvi bakaenda kujenga kingine, chini, kupita Basoko. Jina bakalibeba."

Gérant aliniangalia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mama," alisema, "kuna Losambo mbili?"

Kabla sijajibu, jirani wa Anselme alifika kwa pikipiki. Ngiri ilikuwa imetoka alfajiri na haikurudi. Anselme alikuwa anatapika, na walikuwa wamempeleka hospitali.

Nilimkuta kwenye benchi la nje, amejikunja, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Daktari alikuwa amesema utumbo umenaswa na ukiachwa utaoza, na kwamba ni lazima apasuliwe kabla ya mchana. Mama Solange alisimama mlangoni na chupa moja mkononi. Mbili alikuwa amezitumia usiku uliopita kwa wanawake wawili.

"Hii ni ya mwisho," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ndani kuna mama mumoja, uchungu umeanza tangu jana. Anaweza kuzaa vizuri, anaweza kukwama. Sijue. Daktari naye hajue."

Sikumwomba kitu. Nilitaka kumwomba, nikajizuia, kwa sababu nilijua kwa nini ile chupa ilikuwa ya mwisho. Kama baleinière ingeenda Losambo ya kweli, maboksi yangekuwa yamefika jana. Mama Solange aliingia, akakaa muda mrefu, akatoka. Alikuwa analia bila sauti, na nilidhani mmoja wao amekufa.

"Amezaa," alisema. "Muenyewe, amezaa. Mumulete yule papa."

Anselme alipasuliwa na akaishi. Kesho yake mchana baleinière iliifikia Mapendo, na siku mbili baadaye maboksi yaliingia Kisangani. Mapendo yenyewe ilielea wiki iliyofuata. Kapiteni alipofika nilimwuliza ilitokaje mchangani. Alisema aliamka, akakuta baji zinacheza. Labda mvua ilinyesha huko juu, au ni yale aliyofanya kwa maelekezo ya Anselme, au mchanga ulihama tu. Hakujua. Bandarini hapakuwa na wabebaji, kwa hiyo magunia yalishushwa na wake wa wafanyabiashara, wanafunzi wa chuo na Gérant mwenyewe, ambaye alipoteza simu moja majini.

Nilikwenda kumwona Anselme hospitalini alipoanza kukaa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Anselme," nikasema, "mimi ndiye niliituma baleinière pahali mubaya. Kapiteni alisema chini. Mi nilisikia nusu tu, nikaandika juu, ju nilijua Losambo iko wapi."

Alitikisa kichwa. "Hapana. Ni mimi. Uliandika chini, nikakuambia, Losambo haiko chini ya Basoko, iko juu. Ukakata."

"Hukuniambia kitu. Ulikuwa umekaa kimya, mikono ku magoti."

"Nilikuambia, Régine. Ninakumbuka vizuri."

"Na mimi ninakumbuka vizuri."

Tulibishana mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatuomba tupunguze sauti. Nikarudi ofisini nikafungua kaye. Kwenye ukurasa ule, kwa mwandiko wangu, kumeandikwa: Losambo, chini ya Basoko. Neno chini limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake nimeandika juu. Mstari ni wangu. Sikumbuki kuukata. Ninakumbuka kwa hakika kwamba nilisikia nusu tu ya maneno, na kaye inasema nilisikia yote. Niliukodolea macho ukurasa ule mpaka herufi zikaanza kucheza. Tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi ni vitu vingapi nilivyovikata hivyo katika maisha yangu, kwa sababu nilikuwa na uhakika, na havikuacha hata mstari.

Gérant hakunifukuza. Aliniomba nibaki, maana barabara ya Bafwasende ilikuwa imekatika tena na baji nyingine ilikuwa inapakiwa Kinshasa. Nilimwambia sitakaa peke yangu kwenye phonie. Nataka mtu wa pili, mwenye masikio yake na kaye yake. Alitafuta wiki tatu. Msichana mmoja alikuja siku mbili, akapata kazi ya kuuza vocha za simu, hakurudi. Kijana mwingine alisema ule mlio unamwumiza kichwa.

Anselme ndiye aliyekuja. Daktari amemkataza kuinua kitu chochote kizito, na kalamu si nzito. Anakaa upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Hatuangalii kaye ya mwenzetu mpaka kapiteni amalize. Kisha tunazisoma kwa sauti, kwanza yangu, halafu yake.

Wengine huniuliza, mama, umestaafu au hujastaafu? Wananiuliza pia kwa nini chumvi haifiki, kwa nini vijana hawataki mto, na kama ni vita, au maji, au dhahabu, au sisi wenyewe. Nimefanya kazi hii karibu maisha yangu yote na nilidhani nikizeeka nitakuwa na jibu la kuwapa. Ninachoweza kuwaambia ni hiki kidogo. Zile kaye mbili mara nyingi hazifanani. Mimi nimeandika Yangambi, yeye ameandika Isangi. Mimi nimeandika watu tisa, yeye kumi. Zamani ningemshinda kwa sababu mimi ndiye opereta, au angenishinda kwa sababu yeye ndiye aliyesimama mbele ya baji. Sasa hatushindani. Ninabonyeza kitufe, ninasogeza mdomo karibu na kipaza sauti.

"Kapiteni," ninasema, "hapa Kisangani. Hatukusikia vizuri. Sema tena uko wapi."

Na yeye, huko aliko, anasema tena.